Ukanda Nyuma ya Propela

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi ni mzima wa mwili, na naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, kifua kimetulia, na lile goti limekupa ruhusa ya kufika hadi barazani. Najua ukiulizwa hali unasema hujambo hata ukiwa umelazwa chali, kwa hiyo siulizi sana.

Huku karakana kazi haziishi. Mikono yangu imekuwa myeusi hadi sabuni imekata tamaa. Bado nacheka nikikumbuka ulivyowaambia majirani kwamba binti yako anafungua kila kitu duniani isipokuwa mdomo wake. Leo nimeufungua, baba, na si kwa kicheko.

Ulikataza kaka asitajwe nyumbani kwako. Tangu mvua zile za mwaka jana, boti aliyokuwa nahodha wake ilipokutwa imepasuka kwenye miamba, mama mmoja na mtoto wake mchanga wamekufa, yeye hayupo wala jaketi lake la kuokolea halipo, ulisema huna tena mtoto wa kiume. Watu walisema alivaa jaketi, akaruka, akawaacha abiria wafe. Wengine wakadai wamemwona ng'ambo, amefuga ndevu. Sikubishana nawe wakati ule. Leo nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Mwenye boti aliileta kwetu baada ya kuilaza muda mrefu uani kwake chini ya turubai. Ubavu ulikuwa umeshazibwa na seremala. Kilichobaki ni mguu. Nikueleze, maana wewe ni mtu wa viatu: injini ya boti ile inakaa ndani, nyuma kabisa, na mguu ni ule mtambo wa chuma unaotokeza nje na kuzama majini, gia zikiwa ndani yake na propela chini. Fundi mkuu aliniuliza kama nataka kazi hiyo apewe mwingine. Nikamwambia hapana, mguu huo nitauvua mwenyewe.

Nilianza kwa kumwaga oili. Ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa, nikajua maji yameingia. Nikalegeza nati zinazoushikilia mguu, fundi mkuu akiuning'iniza kwa mnyororo, tukaulaza juu ya benchi. Mpira wenye mikunjo unaozuia maji kwenye kiungo ulikuwa umechanika. Beringi zilikuwa na kutu. Ukizizungusha zinalia kama zinasaga mchanga. Hayo yote ni magonjwa ninayoyajua.

Propela ndiyo iliyokataa. Niliipaka mafuta, nikaipasha moto, nikaigonga kwa kipande cha mbao, ikang'ang'ania tu. Ilipoachia, nyuma yake nilikuta kamba ya nailoni imejisokota kwenye shafti, imeyeyuka kwa joto na kuwa ngumu kama kwato. Upande mmoja ilikuwa imekatwa kwa kisu, lakini nusu tu. Ulikuwa mkato wa mtu anayehangaika, alama juu ya alama. Nikaichambua kwa koleo. Ndani ya kamba ile, baba, mlikuwa na ukanda wa jaketi, na kifungo chake cha plastiki kimepasuka.

Mshono wake niliujua kabla sijafuta girisi. Ni uzi wa viatu uliotiwa nta, umerudiwa mara mbili, na kwenye kona umefungwa kwa ile alama ya mkasi unayoiweka kwenye kila soli. Wewe ndiye uliyemshonea kaka ukanda ule ulipokatika, ukamgombeza kwamba kitu cha kuokoa roho hakivaliwi kama tambara.

Nilikaa sakafuni. Fundi mkuu alizima redio, akatoka, akanifungia mlango.

Kaka hakukimbia. Alikuwa majini nyuma ya boti yake, anakata kamba iliyoinasa propela, na propela ikazunguka. Lakini hapo ndipo nilipokosa usingizi. Unamjua kaka alivyokuwa mwangalifu hadi anaudhi. Asingeingia majini kabla ya kuzima injini na kuiweka gia katikati, ambapo propela haizunguki. Injini haijiwashi, baba. Kuna mtu aliiwasha.

Siku chache baadaye mama mdogo alipita karakana akitoka kukuchukulia dawa. Ukanda ulikuwa juu ya benchi, nimeuosha. Aliuona kabla hajanisalimia. Aliketi juu ya pipa tupu, mfuko ukamponyoka, dawa zikatawanyika, wala hakuziokota. Unakumbuka kwamba naye alikuwamo botini siku ile. Nikamuuliza, "Mama mdogo, nani aliwasha injini?"

Akasema, "Mimi."

Alisimulia akiwa ameinama. Mvua ilikuwa kali, na abiria wengine walikuwa wamejikunyata mbele chini ya turubai, hawaoni kitu. Yeye alikaa nyuma karibu na usukani, kwa kuwa nahodha ni mwanawe, mtoto wa dada yake. Kamba ya wavu ikanasa, injini ikazimika. Kaka akafunga jaketi, akashika kisu, akamwambia, "Mama, naingia. Usiguse kitu mpaka nipande." Mawimbi yakawasukuma kuelekea kwenye miamba. Huko mbele watu wakapiga kelele injini iwashwe. Akamwita kaka, mvua ikameza sauti. Hofu ikamshika. Akageuza ufunguo, akasukuma mkono wa gia kama alivyozoea kumwona kaka akifanya. Injini ikanguruma, boti ikashtuka, kisha kimya. Akaita tena na tena. Halafu wakagonga miamba.

Pwani, yule mama na mtoto wakiwa wamelazwa mchangani, watu wenye hasira walimuuliza nahodha yuko wapi. Anasema mdomo ulijisemea wenyewe: "Ametukimbia." Wenzake wakalidaka neno hilo, na kufika jioni kila mmoja alikuwa anaapa ameyaona hayo kwa macho yake. Tangu hapo anakupikia, anakufulia, anakusikiliza ukimlaani kaka, na kila laana anaipokea yeye.

Sikumfariji. Nilimwambia aende akakuambie. Akasema amejaribu mara nyingi, ila akifika mlangoni pako ulimi unakufa. Ndipo akaniomba niandike yote bila kumsitiri, naye atakusomea, kwa sababu macho yako hayaoni tena herufi na barua zangu zote hukusomea yeye. Aliapa kwamba hataruka neno.

Basi baba, sauti unayoisikia ni yake. Kama maneno haya yamekufikia, ametimiza kiapo. Yuko mbele yako. Sijui utamfanya nini, na mimi si wa kukufundisha. Mwili wa kaka hatunao na pengine hatutaupata. Ninachoomba ni tumlie, kama mtu aliyekufa akiwa kazini.

Mguu nimeumaliza. Nimetia beringi mpya, mpira mpya na oili safi. Nimeujaribu, unazunguka bila kelele, na wiki ijayo mwenye boti ataishusha majini. Mimi sitakwenda kuiangalia. Nitakuja kwako nikiwa na ukanda mfukoni.

Nisalimie majirani, na mteja wako yule anayelalamika viatu vinambana ilhali ananunua vya mwanawe.

Nawe mama mdogo, ukishaikunja barua hii usitoke chumbani. Mpe baba maji, kisha kaa hapo hapo, akuulize anachotaka kukuuliza.

Binti yako akupendaye,
Fundi wako wa karakana