Mbichi, Haijaguswa Moto

Jumatatu, 4 Machi

Leo katujia mkaguzi wa vyakula. Kijana mpole, viatu vinang'aa – nikajua siku imeharibika. Kachukua chupa kutoka rafuni, kazifunga, kazipiga lakiri. Akasoma lebo kwa sauti: asali mbichi, haijaguswa moto. Akatazama picha ya mama mkwe hapo juu, akauliza kama ndiye mwenye leseni. Ndiye. Mizinga yake, jina lake, sura yake. Mimi na mume wangu ni wa kujaza chupa na kuuza tu.

Mume wangu alichangamka kupita kiasi. Hata soda kamletea mgeni! Mgeni kakataa.

Jumatano, 6 Machi

Maneno yamefika sokoni kabla yetu. Muuza vitunguu kaniuliza eti ni kweli bibi anachanganya sukari. Nimemjibu vibaya, wala sijutii. Mama mkwe kasikia, chakula hakugusa. Anasema anarina asali tangu mume wangu hajazaliwa, na hajatia hata kijiko cha maji. Namwamini. Huyu mama akikuta sega halijafunikwa nta analiacha mzingani, eti halijaiva, hata kama wateja wamepanga foleni.

Ijumaa, 15 Machi

Majibu! Sukari – hakuna. Maji – kiasi kinachotakiwa. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale ofisini.

Kumbe bado. Maabara imeona asali imepikwa, tena moto mkali. Mkaguzi katueleza taratibu: kupasha asali ni jambo moja, kuipasha kisha kuiandika "mbichi" ni kumdanganya mnunuzi. Mwenye leseni akubali kosa, chupa zirudishwe na lebo ibadilishwe. Au apinge, asaini kiapo, ipimwe tena. Vipimo vikirudia yale yale, leseni inafutwa na aliyeapa anapelekwa mahakamani.

Nikamgeukia mume wangu. Anatazama feni.

Jumamosi, 16 Machi

Kasema. Jikoni, mlango umefungwa, macho sakafuni.

Wakati wa baridi asali iliganda, ikawa chengachenga, kama inavyoganda asali yoyote safi. Wateja wakaanza kurudisha chupa: sukari hii! Kuwaeleza kawaeleza, wakamcheka. Basi akawa anamimina ndoo nzima kwenye sufuria, anachochea moto mpaka asali inang'aa. Na mimi nilikuwa wapi? Chumba cha mbele, nabandika lebo!

Yaani asali safi kaiharibu ili ionekane safi. Nilicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli.

Nimemwambia akamweleze mama yake. Hawezi, eti mama atazimia. Afadhali asaini tu, mashine za maabara nazo hukosea. Mtu mzima na ndevu zake! Sijamsemesha tena.

Jumatatu, 18 Machi

Niko kwenye benchi ofisini kwa mkaguzi. Mama mkwe kavaa nguo yake ya kuendea harusi. Kasikia maabara inasema asali imepikwa, kaja kuapa kwamba si kweli, na anaapa kwa moyo mmoja. Njiani kasalimia kila mtu kwa sauti, wasikie kwamba haogopi.

Jana mume wangu aliniahidi angemwambia ukweli tukiwa njiani. Njia nzima kazungumzia mvua.

Mkaguzi kaleta karatasi, katoka kutafuta muhuri. Mama kaniwekea mapajani. Nisomee, mwanangu, miwani nimesahau, na huyu mwenzako akisoma anameza maneno. Nimeiona: asali yangu haijapashwa moto tangu mzingani hadi kwenye chupa. Chini, nafasi ya jina lake.

Mume wangu kanikanyaga mguu. Kanikanyaga kweli, kidole kinauma.

Nimemwambia mama asubiri kidogo, namalizia kuandika kitu. Anasubiri. Kalamu ya mkaguzi keshaishika. Viatu vinarudi koridoni. Mama ananiuliza ninaandika nini kirefu hivyo