Miaka Mitatu ya Dada

Shangazi mpenzi,

Hili hata Mama sijamwambia: nilidanganya kwenye wasifu wa Dada. Anaomba kazi ya kuhudumia wagonjwa, nami niliogopa wataona ile miaka mitatu aliyomuuguza Bibi alikaa bure. Nikaandika kwamba aliuza dukani.

Dada aliposoma alicheka. "Duka gani hilo, profesa? Mimi nilimgeuza Bibi kila baada ya saa mbili, hakupata kidonda hata kimoja. Hiyo si kazi? Futa!"

Nilimwona mkubwa kuliko vitabu vyangu vyote.

Nikafuta, nikaandika maneno yake hayo hayo. Kwenye wadhamini nimekuweka wewe. Hukuweza kuja kumwona mama yako, lakini ulimpigia Dada simu kila jioni, kwa hiyo unajua. Leo nimeupeleka wasifu hospitali, nikamkabidhi karani.

Mwanao akupendaye