Programu ya Baba Haijaharibika

Kaka, ukiamka usifute faili lolote. Programu ya hesabu ya Baba ni nzima. Jana aliifungua kwenye kompyuta ya chumbani kwake, akasahau, na leo asubuhi akaja kuifungua tena kwenye hii ya sebuleni. Ikakataa, ikasema faili linatumiwa na mtu mwingine. Akanigeukia mbele ya watoto: "Umenifungia hesabu zangu. Mwizi wewe."

Amejifungia chumbani, mimi hanifungulii, na zamu inanisubiri. Wewe atakufungulia. Ifunge kwanza ile ya chumbani, ndipo hii itakubali. Dawa zake ziko juu ya friji, anywe baada ya chai.

~~Mwambie ni yeye aliyeiacha wazi.~~

Mwambie ni mimi niliyeiacha wazi, na ninamwomba radhi.

Dada yako