Kosa Kwanza

Chanzuru, Kilosa
15 Februari 1970

Binamu yangu Kasian,

Salamu nyingi, na pole na jua la Mikumi. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo michafu kwa mkaa kama zamani. Mama anakusalimu. Anasema mwambie yule mtoto wa kaka yangu kwamba shangazi yake Raheli hajafa bado, asione aibu kuandika. Hayo ni maneno yake, mimi nimeyaandika tu.

Nimekuwa mwalimu, usicheke. Kijiji kimenichagua nifundishe kisomo cha watu wazima, na kwa kuwa vitabu havitoshi, nachora. Jembe, chungu, jogoo. Jana nimechora jogoo, mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, huyo bata anaandikwaje?" Darasa zima likavunjika kwa kicheko. Nikakukumbuka papo hapo, mtani wangu, maana hakuna aliyewahi kunitukania picha vizuri kama wewe.

Unaukumbuka ukuta wa jiko letu kule mlimani, kabla hatujashuka kuja kwenye kijiji cha ujamaa? Kila jioni mimi nachora kwa mkaa upande wa mlango, wewe upande wa mafiga. Halafu tunabadilishana, kila mmoja anatafuta kosa la mwenzake. Mama alikuwa amekataza kusifu. "Kosa kwanza," anasema, "sifa mtapewa na wageni." Ikifika Jumamosi anaukandika ukuta wote kwa udongo, picha zinazama, tunaanza upya. Nililia sana kwa ajili ya wale mbuzi wangu. Leo ndiyo naelewa kwamba alikuwa anatupatia karatasi mpya.

Sasa nisikilize. Mama anaumwa. Miguu inavimba, pumzi zinamkatika akitoka kisimani. Na hana picha hata moja. Ulikuwepo siku ile mpiga picha alipokuja misheni, yeye akageuka kuwatazama kuku wake. Nataka uso wake ubaki, Kasian. Nimeanza kumchora kila siku. Huu ni mchoro wa leo, nimeupakia treni ya Mikumi. Andika makosa nyuma ya karatasi, usinihurumie. Na wewe uchore kila siku, unitumie.

Ni mimi binamu yako,
Yunis


Mikumi
8 Machi 1970

Kwa binamu mwenye jogoo wa kuogelea,

Barua yako imefika salama, na mimi ni mzima wa afya. Yule mzee wa nyuma mpe heko kutoka kwangu, namwamini hata kabla sijaiona picha yenyewe. Mfikishie Shangazi shikamoo yangu. Mwambie ugonjwa auache, hauendani naye.

Makosa nimeyaandika nyuma, lakini moja nalirudia hapa. Kitambaa cha kichwa ni chake. Mikono ni yake, hata kile kidole kilichopindishwa na mchi nimekiona nikacheka peke yangu. Lakini macho, Yunis! Hayo ni macho ya Teresia wa dukani akipima sukari. Shangazi hana macho hayo. Utaniuliza, sasa yake yakoje? Nimekaa na penseli jioni nzima, sijui. Nimekula chakula chake tangu baba alipofariki, nimelala nyumbani kwake mpaka nimeota ndevu, na sijui. Imenitisha kidogo.

Mimi siku hizi napaka rangi vibao vya mbugani. "Usiwalishe wanyama." "Usishuke garini." Na wageni wananunua picha zangu za tembo. Wanasimamisha gari, wanasema mzuri, mzuri sana. Siku hizi namaliza tembo kabla chai haijapoa. Nakutumia mmoja, tafuta kosa kama utaliweza.

Binamu yako na mtani wako,
Kasian


Chanzuru
3 Mei 1970

Mtani wangu,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, Mama ni leo nafuu, kesho hapana. Shikamoo yako nimeifikisha, akaitika kwa sauti utadhani unamsikia huko Mikumi.

Nimejua kwa nini hatuyajui macho yake. Tulilelewaje sisi? Unapiga goti, unainamisha uso, unasema shikamoo, halafu unangoja marahaba huku unatazama vidole vyake vya miguu. Ndiyo maana vidole naweza kukuchorea mpaka kucha. Sasa juzi nikajikaza, nikamtazama usoni akichambua mboga. Hakuinua hata kichwa. Akaniuliza, "We Yunis, kuna kitu umeniibia, au kuna kitu unaogopa kuniambia?" Macho yakaanguka yenyewe, na umri wangu huu. Njoo likizo, tafadhali. Wewe uongee naye, mimi niibe kwa pembeni. Siku haziko upande wetu.

Haya, tembo. Kosa kwanza. Mistari haina kosa. Kosa ni kwamba hujamtazama. Nimemweka kando ya yule uliyenitumia mwaka juzi: mkunjo wa sikio ni ule ule, mkonga umepindia pale pale, hata tawi analokula ni lile lile. Unaishi mlangoni kwa tembo, halafu unachora tembo wa kichwani. Wewe ulikuwa unanizidi, Kasian, tangu enzi za mafiga. Sasa unapiga mhuri.

Binamu yako anayekusubiri,
Yunis


Mikumi
20 Mei 1970

Yunis,

Salamu. Mimi mzima.

Huo mhuri unaousema unavuka bahari, unaning'inizwa kwenye kuta za watu Ulaya. Jembe lako la kisomo linafika wapi? Linafutwa kwa kitambaa kabla darasa halijatoka.

Likizo sina. Mfikishie Shangazi shikamoo.

Kasian


Chanzuru
2 Desemba 1970

Binamu yangu Kasian,

Nakusalimu. Hali yangu siiandiki, unaijua. Nimekuandikia tangu mwezi wa Juni, hukujibu, na yote niliyokuwa nakuuliza sasa hayana kazi. Telegramu najua uliipata. Na najua njia ilikatika, maana mvua iliyokuzuia huko ndiyo iliyotulowesha sisi kaburini. Sikulaumu.

Tumemzika kule mlimani, kama alivyotaka. Nilipita kwenye jiko letu. Paa halipo, ukuta umesimama. Nikatafuta hata mstari mmoja wa mkaa, wako au wangu. Hakuna. Alikuwa anakandika vizuri mno, Mama yule.

Lakini kuna jambo limetokea msibani na ni lazima ulijue. Unamkumbuka Theodory, mtani wa ukoo wetu? Siku ya tatu aliingia chumbani kwa Mama, akatoka amejifunga kanga yake na kitambaa chake kichwani, ameshika fimbo yake. Akakaa kwenye kigoda chake, akatutazama wote. "Nyie," akasema kwa sauti yake kabisa, "mmekuja kunililia au mmefuata maharage?" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na waliokuwa wanacheka wakaanza kulia. Halafu akanigeukia mimi. "Yunis! Tangu asubuhi hujanisalimu. Ndivyo nilivyokufundisha?"

Nikapiga goti. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Lakini yule ni mtani, Kasian. Mtani humwinamishii uso. Nikamtazama.

Hakuitika upesi. Aliinua kidevu kidogo, akalifinya jicho la kushoto, mdomo akaubana kama mtu anayezuia kicheko. Akaniacha hapo chini ningoje. Ndipo akasema, "Marahaba." Wazee wa rika la Mama wote wakapiga kelele, "Ndiye! Ndiye huyo!" Mmoja wao, Mama Selestina, akajiziba uso kwa kanga. Wao walikuwa wanaujua uso huo, walikuwa na ruhusa ya kuutazama. Sisi wawili tu ndio tulikuwa hatuujui.

Alikuwa anatucheka. Miaka yote ile tumeinama pale, tunadhani juu yetu kuna uso mkali, kumbe anatucheka kwa kutupenda. Nimelia siku hiyo kuliko siku ya kaburi.

Tangu hapo nachora kila siku, haji. Mchoro huu ndio ulio bora kati ya ile mibaya. Kama bado una hasira, endelea nayo, lakini andika nyuma ya karatasi.

Binamu yako,
Yunis


Mikumi
10 Januari 1971

Binamu yangu,

Pole. Pole sana, na mimi nijipe pole. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Siku ile nilifika mtoni, maji yamejaa, watu wa upande wa pili nawaona kwa macho na sina la kufanya. Nilikuwa na suti ya marehemu baba kwenye mfuko. Nikarudi nayo imelowa.

Hasira zimekwisha. Ulisema kweli, na ukweli wako ulinichoma kwa sababu nilikuwa naujua. Wageni walisema mzuri, nikawaamini. Nisamehe.

Siku hizi nimemwomba bwana nyama mmoja, mlinzi wa wanyama hapa, anaitwa Lupakisyo, anichukue kwenye gari lake asubuhi anapozunguka mbuga. Namtazama tembo mpaka ananichoka. Yupo jike mmoja mzee, sikio limechanika, anatafuna upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Namchora kila siku na kila siku ananishinda. Hakuna mgeni aliyemtaka, wanasema anasikitisha. Nakutumia wewe.

Na sasa kosa kwanza, mtani. Jicho la Shangazi umelifinya mno, utadhani moshi wa mafiga umemwingia. Na umeshamchekesha. Kutokana na ulivyonieleza, yeye kicheko alikuwa anakizuia. Wewe umekiachia kwa sababu umefurahi kukiona. Kizuie. Chora tena.

Binamu yako,
Kasian


Chanzuru
18 Aprili 1971

Kwa mtani wangu aliyerudi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mimi mzima, mahindi yamesimama vizuri, shamba la kijiji tumelipalilia lote. Naamini nawe huna neno.

Jike lako lile: mguu wa nyuma haukanyagi, mnyama anaelea. Mengine siyasemi, maana Mama alikataza.

Mimi nimechora. Nimechora jioni, nimechora Jumapili kabla ya kanisa. Karatasi zikiisha nachora ubaoni wanafunzi hawajafika, nikisikia hatua nafuta. Siku moja nilichelewa kufuta. Akaingia Agnesi, yule mama wa nyumba ya jirani yetu, aliyekuwa hajui hata a. Alisimama mbele ya ubao na mzigo wake kichwani. Akautua mzigo, akachukua chaki, akaandika chini ya uso ule taratibu, ulimi umetoka nje kama mtoto: MAMA RAHELI. Halafu akarudi kukaa. Nilishindwa kufundisha siku ile.

Lakini Agnesi ni mtu wa makamo, alimjua kama jirani. Aliyeinama pamoja nami pale chini ni wewe peke yako. Kwa hiyo wewe ndiye ninayekuogopa.

Nimemweka Mama pale katikati, baada ya shikamoo na kabla ya marahaba. Nimetumia brashi uliyowahi kunipa na rangi kidogo, kwenye kanga tu. Uso ni penseli. Sitauchora tena, mkono umesema basi. Tafuta kosa, Kasian. Ukinisifu nitajua umenihurumia.

Binamu yako,
Yunis


Mikumi
2 Mei 1971

Binamu yangu Yunis,

Salamu sana. Mimi ni mzima, na yule jike sasa mguu wake unakanyaga, asante.

Picha niliifungua chumbani asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nilikuwa nimechomeka penseli sikioni, tayari kukutukana. Nikaisimamisha mezani, nikaiegemeza kwenye birika la chai, nikarudi nyuma niitazame kwa mbali kama inavyotakiwa.

Nikajikuta nimepiga goti. Sikuamua, Yunis, nakuapia. Mdomo wenyewe ukasema, "Shikamoo, Shangazi," na uso umeshainama, natazama miguu ya meza. Nikangoja hapo kama nilivyokuwa nangoja nikiwa mdogo. Halafu nikakumbuka kwamba sasa inawezekana. Nikainua macho. Alikuwa ananicheka.

Nililia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kuna nini. Nikamwambia nina mgeni kutoka nyumbani.

Lakini sheria yake ni sheria. Kazini sikwenda. Nimezunguka na karatasi hii mchana kutwa, nimeiweka dirishani, nimeipeleka juani, nimeigeuza kichwa chini kama alivyotufundisha tukiwa hatuoni kosa. Kitambaa ni chake. Mdomo ni wake. Macho ni yake, sasa nayajua. Kosa nimelipata moja tu, nimeliandika nyuma kwa penseli, nawe utaliona nikikurudishia.

Haitikii.

Binamu yako,
Kasian