Meno Mapya ya Baba

Nkuhungu, Dodoma

Mpendwa kaka Geofrey,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Lea na watoto, na kwamba baridi ya Mbeya haijakuamshia tena kile kifua. Sisi huku hatujambo. Mahindi ya Chamwino yamekauka kabla ya kubeba, lakini uwele umestahimili jua, kwa hiyo hatutalala njaa. Shangazi Priska anakusalimu na anauliza kama bado unakunywa chai ya rangi bila kitafunwa.

Najua utashangaa kwa nini nimeandika na simu ninayo. Vumilia, utaelewa mwenyewe.

Habari kubwa ni za baba. Shangazi alikueleza kwamba mzee amekataa chakula, na kwamba yeye anahofia ni tumbo au ni majonzi. Niliomba ruhusa kazini nikaenda Chamwino kumwona. Nilimpikia nyama ya mbuzi. Aliizungusha mdomoni muda mrefu, na alipodhani nimegeuka akamtupia mbwa. Akizungumza, anafunika mdomo kwa kiganja. Jumapili kanisani hakuimba, yeye ambaye besi yake ilikuwa inasikika hadi barabarani. Jioni nilimwomba afungue mdomo nione. Alinitazama kama nimemkosea adabu, kisha akafungua.

Kaka, sikujua mtu anaweza kuvumilia kiasi hicho. Meno mawili ya mbele ya juu yamevunjika hadi kwenye ufizi. Gego moja lina shimo ambalo punje ya hindi ingejificha. Nilijiandaa kwa ubishi, maana unakumbuka tulivyomsihi miaka yote na jibu lake likawa kwamba aliyekwisha kuzika rika lake haendi kukarabatiwa. Safari hii aliniuliza neno moja tu, "Lini?" Nikashangaa, lakini sikutaka kuchokonoa asije akabadili mawazo.

Nilimleta hapa kwangu, nikampeleka kwenye kliniki moja ya meno mjini. Daktari ni binti wa makamo yangu, anaitwa Anna. Alimwamkia baba kwa heshima, akampiga picha ya mionzi, akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi mizizi ilivyokaa ndani ya mfupa. Mimi nilikuwa nimeenda kama msindikizaji, lakini nilijikuta nimesogeza kiti mbele. Hivi umewahi kujua kwamba jino lina mshipa wake wa fahamu na damu yake, kama kiungo kingine chochote? Mimi nilidhani ni mfupa tu.

Baba naye aliuliza maswali kama mtu anayenunua dume la ng'ombe. Daktari alimweleza kwamba lile gego lenye shimo halihitaji kung'olewa. Atatoa uozo, atasafisha mizizi hadi mwisho, ataijaza na kuiziba, halafu juu atalivika kofia ili lisipasuke. Baba akataka kujua, ukishatoa mshipa, jino si limekufa? Na kama limekufa, kwa nini maiti ibaki mdomoni? Daktari alicheka, akakubali kwamba halitahisi tena maumivu. Baba akafikiri, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hata nguzo za zizi ni miti mikavu, haichipui, lakini ng'ombe hawatoki. Daktari akasema mfano huo atawapa wagonjwa wengine.

Meno mengine mawili yalikuwa na matundu madogo, yakazibwa siku hiyohiyo. Vile visiki vya mbele ilibidi ving'olewe. Nilimshika mkono baba wakati wa sindano ya ganzi, na sijui nani alimbana mwenzake zaidi. Baadaye mdomo wa juu ulikufa ganzi, akawa anaugusagusa na kuniuliza kama bado upo.

Kuhusu kujaza pengo, alielezwa njia tatu. Ya kwanza ni kupandikiza kitu kama skrubu ndani ya mfupa na kufunga jino juu yake. Ya pili ni daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na majirani zake, ila majirani hao hupunguzwa kwanza ili wavikwe kofia. Baba akauliza hao majirani wamekosa nini. Akachagua ya tatu, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua.

Ufizi ulipopona tulirudi kuchukua vipimo. Aling'atishwa kitu laini kama unga uliokandwa, na tulipokwenda tena tukakuta mdomo wake wote umetengenezwa kwa jasi, mweupe, umewekwa mezani. Baba aliushika kwa mikono miwili, akaugeuzageuza. Nilidhani anatafuta kasoro. Akasema kwa sauti ya chini, "Hii ni taya ya baba yangu."

Hapo ndipo daktari alipomwonyesha pengo la chini, katikati, akapendekeza nalo lijazwe. Unalijua pengo hilo, tumekua nalo. Baba alikataa kabisa. "Ya juu yaliharibika," akamwambia. "Haya ya chini yalitolewa." Njiani nikamwuliza, na nikaona aibu kwamba sijawahi kumwuliza. Akanisimulia kwamba enzi zao mtoto wa Kigogo alitolewa meno hayo ili ajulikane ni wa kwao, na wao wa rika lake walitolewa asubuhi moja. Aliyelia alichekwa. Nikamwuliza kama yeye alilia. Akasema alilia kuliko wote, na kwamba marehemu mama peke yake ndiye aliyekuwa akiijua habari hiyo.

Sasa, kaka, kuna jambo lilinitatiza. Kila tulipokwenda kliniki, kwenye benchi la nje alikuwapo mama mmoja wa makamo, amejifunga kitenge cha kijani, ana kikapu. Hakuwa akiingia ndani. Nilidhani ni mgonjwa anayeogopa, nikawa namwonea huruma. Siku baba alipovishwa meno, daktari alimwambia asome kwa sauti ili ulimi uzoee. Akasoma Zaburi, mate yakamjaa, herufi zikawa zinapiga mluzi, akacheka mdomo wazi, bila kiganja. Na kule nje nikasikia yule mama naye anacheka.

Nilimtazama baba. Akainamisha kichwa.

Anaitwa Paulina, na kumbe siku zote alikuwa akimngoja baba. Ni mjane, anauza karanga na alizeti sokoni Kibaigwa, na baba alimfahamu alipopeleka mahindi msimu uliopita. Baba anataka kumwoa. Meno alitaka ili amwombe akiwa hajaficha uso. Ila mama huyo alikuwa amekwisha kulitambua ombi lake na kumjibu kabla hata ya meno, na jibu lake nakuandikia kama alivyoniambia mwenyewe, nikiwa nimekaa naye kwenye lile benchi: "Baba yenu nimemkubali. Lakini siingii nyumba ambayo mtoto wa kwanza ataacha kuja kwa sababu yangu."

Anajua ulichosema tulipomaliza matanga ya mama, kwamba hakuna mwanamke atakayepika kwenye jiko lake. Baba alimweleza. Alikuwa anakuogopa wewe, kaka, kuliko ile sindano. Ndiyo maana sikupiga simu. Ungekata kabla sijafika hapa.

Mimi nami sikufurahi, nisikudanganye. Usiku ule nililia, nikamkumbuka mama na mlenda wake. Lakini asubuhi nilimwangalia baba akiloweka meno yake kwenye kikombe, anayasugua taratibu kwa brashi, mtu aliyekuwa amekata tamaa ya kula, nikajiuliza namzuia kwa faida ya nani. Nimemwambia nimekubali. Sikuombi nawe ukubali leo. Nakuomba uje Chamwino kabla ya kuvuna uwele, umwone Paulina kwa macho yako, ndipo useme.

Baba yuko hapa kando yangu. Nimemwuliza ana neno gani kwako. Amesema nikuandikie hivi: "Mwambie mwanangu, mama yake sijamsahau. Sasa naweza kutafuna. Kula peke yangu ndiko kunakonishinda."

Nisalimie wifi Lea, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde. Nangoja majibu yako, na nitayapokea vyovyote yatakavyokuwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Debora Bartolomayo