Kanuni ya Kumi: Lango Lisifungwe

4 Machi

Mwanangu Bi Kona,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, na hata yakipona leo sijui nitaambiwa na nani. Wewe je, hujambo? Baridi ya huko bado inakutafuna? Siku hizi unakaa kula, au bado unakula umesimama kama unafukuzwa?

Habari kubwa ni kwamba mahindi yameota. Nimepanda shamba lote la chini, mistari ikikatana kama zamani. Yakifika kifundoni nitang'oa miche nifungue vijia kwa kufuata ramani utakayonichorea, na yakishawapita watu kichwa, tarehe 20 Julai, mbio zitaanza. Ni zilezile: ramani mkononi, dira shingoni, vituo kumi vilivyofichwa humo ndani, na kila kituo kina kitoboleo chake cha kutoboa kadi. Tangu mama yako atutoke sijaziandaa. Miaka mitatu nimepanda maharage, na maharage hayapotezi mtu. Mwaka huu umesema utakuja, basi nimepanda mahindi. Usifikiri nimeinama siku kumi na moja kwa ajili ya mtu mwingine.

Kanuni nimeanza kuziandika. Ramani ishikwe kichwa juu. Atakayeishika kichwa chini asimlaumu aliyeichora. Mume na mke wasipewe ramani moja, tulishaona yaliyotokea. Marufuku kula ukuta, hata kama mahindi yamekomaa na una chumvi mfukoni. Kanuni ya Saba: aliyepotea apulize filimbi mara tatu na akae hapohapo. Mwandalizi ni kiziwi na hataisikia, lakini kupuliza kutampa moyo.

Ya Kumi haina mzaha, na unajua ilikotoka. Lango lisifungwe mpaka kadi zote zirudi. Ulikuwa na miaka saba, sisi tukafunga lango tukaenda kula, na mama yako ndiye aliyehesabu sahani akaona moja imezidi. Tulikukuta kwenye kona isiyotokea, umekaa kimya, unatungoja. Kadi Namba Moja ni yako tangu siku ile.

Nitumie ramani mapema.

Baba yako,
Kiziwi


30 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, na natumaini barua hii inakukuta na afya. Nakula nimekaa. Mara nyingine.

Ramani hiyo hapo. Nimeweka kona kumi na nne zisizotokea, na moja nimeichora karibu kabisa na lango kwa ajili ya wajuaji. Huku ofisini tunachora ramani za mabomba ya maji, basi mkono haujasahau. Meneja wangu aliiona ya kwako mezani akauliza ni mji gani huo wenye barabara za ovyo. Nikamwambia ni mji wa baba yangu, na meya wake haambiliki.

Kanuni ya mume na mke uiandike kwa herufi kubwa. Wale waliogombana kituo cha sita nasikia mpaka leo hawachangii mwavuli.

Likizo nimeshaomba. Tarehe 18 Julai nitakuwa hapo, Baba. Uniwekee kadi yangu.

Binti yako,
Bi Kona


8 Mei

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Goti linaniuma kidogo na kifua kinabana asubuhi, mengine ni salama. Nawe uwe salama hivyohivyo.

Ramani imefika, haijakunjika hata ncha. Twiga, yule jirani yetu mwenye kinu, ameitazama akasema mtu akipewa ramani nzuri namna hii hapotei, sasa mbio zina faida gani? Nimemjibu kwamba yeye atapotea hata nikimshika mkono. Vijia nimevifungua vyote kwa jembe na kamba, siku tisa. Shamba linaendelea.

Kanuni nimezirekebisha kidogo. Ya Pili sasa inasema mshiriki atembee ameinama, kwa heshima ya mmea, na warefu wainame zaidi. Twiga amelalamika, lakini kanuni ni kanuni. Ya Nne: marufuku kuruka ukuta, hata kama mguu unaweza. Ya Sita: atakayekiona kituo kabla ya kukifikia ajifanye hajakiona, na asiyeweza kujifanya avae kofia pana atazame viatu vyake. Ya Nane: watazamaji walioko barabarani wasimwelekeze mshiriki kwa kidole.

Hiyo ya nane bado naifikiria.

Umeshapewa likizo?

Baba yako


1 Juni

Shikamoo Baba,

Kifua kinabana tangu lini? Nenda zahanati, umwambie Twiga akupeleke, na usimwambie daktari kwamba ni vumbi.

Kanuni zako nimezisoma kituo cha basi, nikacheka mpaka mzee mmoja akahama benchi. Kisha nikafika ya nane, kicheko kikaniishia mdomoni. Baba, kwa nini watu wainame ndani ya mahindi yanayowapita kichwa? Na hao watazamaji barabarani, wanaona nini?

Nimekulia humo shambani. Usiniandikie tena kwamba linaendelea. Niambie tu yamefika wapi: kichwani, kifuani, kiunoni au gotini.

Mimi nakuja hata yakiwa wapi.

Binti yako


22 Juni

Mwanangu,

Gotini.

Nimeanza na jibu, salamu zisubiri. Mvua ilinyesha wiki tatu, ikakata. Mei yote anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Majani yamejikunja, mabua ni membamba kama penseli, na hakuna litakalozaa hata gunzi. Ningelima yote nikaanza upya, lakini ningeanza na mvua ipi? Wiki iliyopita nilikaa katikati ya ramani yako nikalia. Mimi nilidhani nalia kimya. Twiga aliacha kinu kikizunguka akaja mbio, akaniandikia kwenye kiganja kwamba sauti ilifika mpaka barabarani.

Zahanati nimekwenda. Wamenipa vidonge na kunikataza jembe. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikufa zamani, lakini nimewatii kwa sababu jembe sina tena kazi nalo.

Nilitaka kufuta mbio. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima ili niandike hivyo, nikashindwa. Sijakuona miaka sita. Sikukulaumu kwa mazishi ya mama yako na sikulaumu leo, kazi ni kazi. Ila nimechoka, Bi Kona. Nyumba ina vyumba vinne, mimi natumia kimoja na nusu. Nikifuta mbio utasema basi nitakuja mwakani, na mimi mwakani sina hakika nayo.

Kwa hiyo mbio zipo. Watu watainama. Kadi yako nimeshaiandika.

Baba yako


13 Julai

Baba,

Shikamoo. Najua barua hii itachelewa kufika, na nimeiacha ichelewe kwa sababu ya woga.

Siji. Sina likizo, sikuomba. Sina hata ofisi ya ramani. Nilikuwa nayo miezi mitano, mwaka wa kwanza, wakapunguza watu. Tangu hapo niko kwenye ghala. Nasukuma toroli katikati ya rafu, kifaa kimefungwa mkononi kinaniambia kata kushoto, kata kulia, chukua boksi, endelea. Nikisimama kufikiri, kinalia. Ramani yako niliichora jikoni. Yule meneja aliyeuliza ni mji gani nilimtunga ili ucheke.

Kibali changu cha kukaa huku kiliisha miaka mitatu iliyopita, mwezi mmoja kabla Mama hajafariki. Nikivuka mpaka sitaruhusiwa kurudi. Kama ingekuwa mimi peke yangu ningeshakuja zamani, ningeshuka na begi moja nikakusaidia kulia hapo shambani. Lakini nina mtoto, Baba. Ana miaka minne. Ni mjukuu wako na hujawahi kumsikia, kwa sababu kila nikianza kukuandikia habari zake nalazimika kukuandikia na mengine yote. Baba yake hakai nasi, ila amekataa kabisa mtoto atolewe nchini, na sheria iko upande wake. Nikija kwako, ninampoteza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka mitano na bado sijaona pa kutokea. Hii ndiyo filimbi yangu. Najua huwezi kuisikia, lakini ulisema mtu apulize.

Nisamehe kama unaweza.

Binti yako


21 Julai

Mwanangu Bi Kona,

Hujambo? Huenda ndege imechelewa, au barua yako ya kunieleza iko njiani. Nakuandikia wakati mambo bado ni mabichi kichwani.

Walikuja watu kumi na mmoja. Nilidhani watanicheka, na kweli walicheka, ila walizishika kanuni zote. Twiga aliinama tangu kituo cha kwanza, alipofika cha tano mgongo ukagoma, akamaliza mbio akitambaa. Mwalimu mstaafu nilimwongezea dakika mbili kwa kutazama mbele. Wale mume na mke wa kituo cha sita walikuja, kila mmoja na ramani yake, wakakutana palepale na kusalimiana kama wageni. Katikati ya shamba la magoti, watu wazima wanatafuta njia ambayo kila mtu anaiona. Kwa saa moja nilisahau mvua.

Saa sita wakaenda kwao. Nilikuwa nimetoa kadi kumi na mbili kwenye boksi, kumi na moja zina matundu. Nikakaa langoni na hiyo moja. Kila gari likipunguza mwendo barabarani nilisimama, na kwa goti hili kusimama si mchezo. Jioni nikapita vijia vyote peke yangu, kama tulivyokutafuta siku ile, kona zote kumi na nne, huku naona wazi kwamba hakuna mtu. Nilipita hivyohivyo, nimeinama.

Sikukuandika kuwa umepotea. Penye matokeo nimeandika: Namba Moja, yuko njiani. Lango nimelifunga kwa kamba likiwa wazi, na kwenye kamba nimetundika Kanuni ya Kumi, ili asije mtu akajifanya mwema akalifunga.

Niandikie.

Baba yako


14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Naandika hivyohivyo, ingawa hakuna wa kuitikia.

Twiga alinipigia simu tarehe 24 Agosti. Alisema ulikuwa umekaa kwenye kiti langoni, asubuhi, akadhani umesinzia. Alikuona tangu barabarani, kwa sababu hapakuwa na mahindi ya kukuficha. Wamekuzika pembeni ya Mama, chini kidogo ya shamba. Sikuja. Hiyo ni mara ya pili, na sina mzazi wa tatu.

Nilimuuliza kama barua yangu ilikuwahi. Akasema ilifika siku nne kabla. Aliikuta mezani imefunguliwa, miwani yako juu yake, na pembeni kadi mbili. Moja ni yangu. Nyingine ni mpya, umeikata kwa mkasi kutoka boksi la viatu, Namba Kumi na Tatu. Penye jina umeandika Mjukuu, halafu ukaacha nafasi, maana sikukuambia anaitwa nani. Kurasa nne nimekuandikia, Baba, na jina la mtoto sikuliweka. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia kwa sauti, na mimi nasikia vizuri. Mtoto aliniletea mto wake.

Kwa hiyo uliisoma, na bado lango ukaliacha wazi. Ulinikasirikia kiasi gani sitajua. Kila siku ghalani nakata kushoto na kulia nikijaribu kukisia ungeniandikia nini, mpaka kifaa kinalia.

Jana Twiga alipiga tena. Ng'ombe wa watu wanaingia. Mabua wameyamaliza, vijia vimefutika, na sasa wanashuka mpaka makaburini. Aliwafukuza mara mbili, lakini ana kinu cha kuangalia. Kamba yako bado imeshika, na karatasi iko palepale, wino umefifia kidogo. Alisema hakutaka kuigusa bila kuniuliza. Aliuliza mara moja tu, taratibu.

"Bi Kona, mnakuja, au nilifunge?"

Nilikuwa mezani. Mtoto alikuwa anakula, anachambua karoti na kuziweka ukingoni. Nilihesabu sahani bila kukusudia. Zilikuwa mbili, na sote wawili tulikuwepo.

Nimemwambia alifunge.

Binti yako,
Bi Kona