Sukari ya Misibani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako miguu bado inamsumbua.

Umeuliza kwa nini mwenye duka aandike hata anachochukua dukani kwake mwenyewe. Miaka ile ya Ujamaa, duka letu la Kariakoo liliishiwa bidhaa, na pesa za kununulia nyingine hazikuwepo. Nikamwambia shemeji yangu Hamisi, niliyeuza naye, "Wewe ndiye unayetuibia." Akaweka funguo mezani, akaondoka.

Baadaye nikaanza kuandika kila kinachotoka. Kumbe kila penye msiba mtaani nilikuwa nabeba sukari ya dukani kuwapelekea wafiwa. Mwizi nilikuwa mimi.

Nikamfuata Hamisi Buguruni kumwomba radhi. Nikakuta matanga yake.

Nilirudi dukani nikachukua sukari. Hiyo niliiandika.

Bibi yako